Doña Obdulia Bado Yuko Juu

Nilidhani amekuja kuomba sherehe ya kuagwa. Sina budi kuanza hapo, kwa sababu makosa yote niliyoyafanya mwezi ule yalitokana na dhana hiyo ya kwanza, nayo ilinijia kwa wepesi ambao hadi leo unanitia haya. Don Fidencio Uscanga, seremala wa karakana ya chuo chetu, alisimama mlangoni pa ofisi yangu, ofisi ya wanafunzi, wiki ya kwanza ya Septemba, kofia ameikunja mkononi, vumbi la mbao limemkaa kwenye nyusi. Nilijua kwamba angestaafu mwisho wa mwezi. Basi kabla hajafungua kinywa, mimi nikawa nimeshafungua droo na kutoa fomu.

"Keti, Don Fidencio. Jina lako kamili tuliandikeje?"

"Fomu ya nini hiyo, licenciada? Nimeshakufa?"

"Ya cheti cha utumishi."

"Irudishe ikalale. Mimi nimekuja kuhusu ile sakafu."

Licenciada ndilo jina alilompa kila mwanamke mwenye shahada, na kila mwanamume alimwita licenciado, kuanzia mkuu wa chuo hadi kijana wa kompyuta. Katika kinywa chake cheo hicho kilikuwa na heshima upande mmoja na mzaha upande wa pili, na wewe uliyeitwa hukujua umegeuziwa upande gani.

Sakafu aliyoitaja ilikuwa kazi niliyoipeleka karakana kwa ajili ya sherehe za urithi wetu, zinazoanza katikati ya Septemba. Kikundi cha ngoma kingekuja kutoka mjini, wanawake wenye magauni meupe ya lesi, nami niliagiza jukwaa dogo la futi nane kwa nne, limejazwa sponji ndani, limefunikwa zulia jeusi juu. Don Fidencio alikuwa na karatasi yangu mfukoni. Aliikunjua na kuisoma kana kwamba ni barua kutoka kwa mtu aliyefiwa.

"Umeandika nijaze tumbo lake."

"Ili isipige kelele."

"Licenciada," alisema taratibu, "kelele ndiyo kazi yake."

Kwao, katika nchi tambarare ya mito kusini mwa Veracruz, sakafu hiyo huitwa tarima. Ni sanduku la mbao lililo tupu ndani, lenye matundu ubavuni ili lipumue. Usiku wa fandango, ngoma ya kukesha, huwekwa chini katikati ya watu, wapiga gitaa wakalizunguka, na wanawake wakapanda kulipiga kwa visigino. Hayo nilikuwa nayajua. Niliwahi kuyaandika katika tasnifu yangu, ukurasa mzima, kutoka vitabuni. Wazazi wangu ni watu wa Michoacán waliovuka mpaka wakaja bondeni hapa kufungasha pichi, na ngoma za kwao ni nyingine. Tarima sikuwa nimewahi kuisikia hata mara moja. Nilikuwa nimeifafanua tu.

Kabla hajaondoka aliliangalia bango lililokuwa nyuma yangu, lenye neno Latinx kwa herufi kubwa za rangi ya waridi.

"Mwaka huu tunaitwa hivi?"

"Wanafunzi ndio waliolichagua."

"Nilipofika tulikuwa Wahispano. Halafu tukawa Walatino. Kila baada ya miaka mnatuvalisha shati jipya." Aliinua mabega akayashusha, kama mtu anayelijaribu shati hilo. "Sawa tu. Halibani."

Nilimruhusu asitie sponji. Zulia pia nililifuta. Niliona kwamba nimekuwa mkarimu.

*

Mtu aliyeishi miaka thelathini na mmoja mahali pamoja huacha alama zake kila pahali, na sisi tunaopita hapo tunadhani alama hizo zimejiota zenyewe. Milango ya maktaba, ile inayofunga bila kupiga, ni kazi ya Don Fidencio. Meza ndefu ya chumba cha kemia ni yake. Alikuja kaskazini akiwa na miaka thelathini na minne, akachuma zabibu na kuzianika kwenye karatasi kati ya mistari ya mizabibu hadi ngozi ya magoti yake ikawa kama gome. Kisha msimamizi mmoja akamwona akitengeneza ngazi iliyovunjika kwa kisu cha kuchumia, na mwaka uliofuata akawa fundi wa karakana ya chuo. Tangu hapo hakuna aliyemwona bila penseli sikioni. Alikuwa na tabia ya kugonga mbao yoyote aliyopita karibu nayo, ukingo wa meza, kizingiti, mgongo wa kiti ulichokikalia, kisha akainamisha kichwa kusikiliza. Wakati mwingine aliridhika. Wakati mwingine alitikisa kichwa kwa masikitiko, nawe ukaendelea kukikalia kiti hicho kwa mashaka.

Tarima aliimaliza kwa siku tisa, kwa mbao za mwerezi alizozichagua moja moja. Siku ya kumi alirudi ofisini.

"Nataka iwe chini. Ardhini."

"Watu mia nne watakuja, Don Fidencio. Ikiwa chini, ni nani atakayeona?"

"Hakuna wa kuona. Ni wa kuizunguka. Na nataka shimo."

"Shimo?"

"Dogo, chini yake. Kwetu huchimbwa ili sauti ipate mahali pa kukaa. La kuku wawili, wakibanana."

"Kwenye nyasi za chuo?"

"Nyasi zenyewe zimekufa, licenciada. Zimepakwa rangi."

Ilikuwa kweli, ukame ulikuwa umeingia mwaka wa tatu na mimi mwenyewe nilikuwa nimeidhinisha rangi. Nilimwambia habari za bima, na afisa wa usalama, na njia za viti vya magurudumu. Yote yalikuwa kweli pia. Nilisema kwa upole, tena kwa Kihispania changu safi cha darasani, na alipoondoka nilibaki nikijipongeza kwamba sikumpandishia sauti. Moyoni niliamini kwamba ni mzee mshikilia mila anayetaka kazi yake ionekane kabla hajaondoka.

Siku ya mazoezi tarima iliwekwa juu ya jukwaa kubwa, futi nne kutoka ardhini, na chini yake afisa wa usalama akatandika mpira mweusi isije ikateleza. Msichana mmoja wa chama cha wanafunzi, Yaretzi Bucio, aliyekuwa akisomea uhandisi wa umwagiliaji na kupiga lile gitaa dogo liitwalo jarana, alivua raba zake, akavaa viatu vya kisigino, akapanda kujaribu. Alipiga mguu mara tatu. Ilikuwa kama mtu anayegonga godoro.

"Ndivyo inavyotakiwa kuwa?" aliniuliza.

"Nadhani itabadilika watu wakijaa," nilisema. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Huwa nasema mambo ya namna hiyo.

Don Fidencio alikuwa amesimama nyuma kabisa, mwisho wa viti. Alitoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha.

*

Kesho yake niliteremka karakana saa ya chakula. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi kidogo, nusu ya radhi, ile isiyomlazimisha mtu kubadilisha chochote. Nilimkuta Don Fidencio amekaa juu ya kreti akila maharagwe meusi kwa tortilla, ile mikate myembamba ya mahindi. Kando yake alikuwa mwenzake wa miaka mingi, Chue Lor, Mhmong aliyezaliwa katika milima ya Laos, akifinyanga wali wa kunata kwa vidole. Jua liliingia kwa dirisha la juu na vumbi la mbao lilielea katikati ya mwanga huo bila kuanguka, kana kwamba mle ndani hakukuwa na uzito.

"Karibu, licenciada. Tortilla?"

"Nimekula."

"Hajala," Chue alisema bila kuinua macho. "Watu wa juu hawali. Hunywa kahawa na kutuma barua pepe."

Nilichukua tortilla. Tulikula, kisha Don Fidencio akaanza kusema, huku akiitazama mikono yake kana kwamba hadithi ilikuwa ya mikono hiyo.

Mke wake, Doña Obdulia, ndiye aliyekuwa mchezaji. Yeye Fidencio alikuwa mwana wa fundi wa tarima, alizijua mbao kwa chini. Obdulia alizijua kwa juu. Katika fandango, alisema, mwanamke hapandi kwa kuitwa, na hashuki kwa kuchoka. Hushuka akipokewa. Mwenzake anakuja, anamgusa bega, anaingia mahali pake, na mguu wa huyu unaanza kabla wa yule haujanyamaza. Ndivyo wimbo unavyofika asubuhi bila kuvunjika. Hivyo ndivyo pia watu wanavyojuana: mtu aliyekupokea tarimani ni kama aliyekupokea mzigo njiani.

"Usiku wa kuondoka kwetu palikuwa na fandango," alisema. "Lori lilikuwa lije saa mbili asubuhi. Likaja alfajiri. Dereva anapiga honi, ana haraka, ana watu wengine wa kuchukua. Obdulia yuko juu. Wanawake wote wamezubaa, wanatazama lori. Nikamwita. Nikamwita mara ya pili, kwa ukali. Akashuka. Hakuna aliyempokea. Wimbo ukakatika katikati ya ubeti, hivi." Alivunja kipande cha tortilla. "Nani aliumaliza? Hakuna. Tukapanda lori."

Chue alikuwa ameacha kufinyanga wali.

"Anasema bado yuko juu," Don Fidencio aliendelea. "Si kwa wazimu, usinielewe vibaya. Anapika, anakwenda kanisani, amefungasha pichi miaka ishirini na sita pamoja na mama zenu. Lakini akilala, miguu inakwenda. Nalala kando yake, naisikia chini ya shuka, taratibu, kama mvua ya mbali. Miaka thelathini na mmoja. Ananiambia, Fide, nimechoka, lakini sijapokewa, nitashukaje?"

"Na mkirudi kwenu?"

"Tunarudi Jumapili baada ya sherehe yako. Wenzake aliocheza nao wamekufa, au wako Houston. Halafu wimbo haukukatika kwa ajili ya kule. Ulikatika kwa ajili ya huku." Alifunga kopo lake la maharagwe. "Nataka apokewe huku, na watoto wa huku. Mara moja tu. Baadaye mkitaka itieni zulia."

Nilirudi ofisini nikapiga simu tatu. Afisa wa usalama alikataa. Aliyeshughulika na bima alikataa. Simu ya tatu nilikata kabla haijapokelewa, kwa kuwa nilijua mkubwa wangu angesema niamue mwenyewe.

*

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Septemba. Wakulima walikuwa wakitikisa milozi kuangusha lozi, na vumbi la mashamba lilikuwa limesimama juu ya bonde lote; milimani palikuwa pakiungua, na moshi ulikuwa umeteremka ukachanganyika na vumbi hilo. Jua lilikuwa la rangi ya papai, unaweza kulitazama bila kufumba macho. Vitu havikuwa na vivuli. Watu walitembea kwenye nyasi zilizopakwa rangi kama watu wanaotembea chini ya maji, na sauti za vipaza sauti ziliwafikia zimelainika.

Kikundi kutoka mjini kilicheza vizuri. Magauni yalifunguka na kujifunga, visigino vilipiga godoro letu, kipaza sauti kilisaidia, watu mia nne walipiga makofi. Nilisoma hotuba yangu. Tamales, zile za unga wa mahindi uliofungwa majanini, zilikwisha mapema. Kila kitu kilifuata ratiba, na saa kumi na mbili jioni viti vilianza kukunjwa.

Kubomoa jukwaa ilikuwa kazi ya karakana. Niliwaona Don Fidencio, Chue na vijana wawili wakiinua tarima mabegani na kuiteremsha, lakini hawakuelekea lilipokuwa lori. Walivuka uwanja polepole katika mwanga ule wa papai, kama watu wanaombeba mgonjwa na kitanda chake, hadi nyuma ya maktaba, ambapo mafundi wa mabomba walikuwa wamechimba wiki ile na hawakufukia. Wakailaza juu ya shimo.

Nilikwenda mbio, redio ya mkononi ikinigonga kiunoni.

"Don Fidencio, lori liko upande ule."

"Naipumzisha kidogo, licenciada. Imechoka kunyamaza."

Doña Obdulia alikuwa ameketi kwenye moja ya mabenchi mawili ya mbao yaliyokuwa hapo, mfuko wa plastiki mapajani. Sikuwa nimewahi kumwona. Alikuwa mwanamke mdogo, mnene kidogo, goti moja amelifunga bendeji juu ya soksi, nywele amezisuka kama msichana wa shule. Alitoa viatu vyeupe mfukoni, akavivaa bila haraka, akaomba mkono wa mumewe, akasimama.

"Ni wewe mwenye ufunguo?" aliniuliza.

"Ufunguo gani, mama?"

"Wa kuzima."

"Kibali kinaisha saa moja."

"Basi bado tuna muda," alisema, akapanda.

Yaretzi alikuwa tayari na jarana, na wenzake wawili wa chama. Don Fidencio alitoa nyuma ya benchi gitaa nene la sauti ya chini, akaliegemeza tumboni. Akaanza. Na Doña Obdulia akaweka kisigino.

Nimejaribu mara nyingi kuieleza sauti ile, na kila mara nimeandika ya kitabuni. Niseme hivi tu: niliisikia kwa nyayo kwanza. Ilipita ardhini, ikaingia viatuni mwangu, ikapanda magotini, na ilipofika masikioni ilikuwa imeshanijua. Watu waliokuwa wakielekea kwenye magari walisimama na funguo mikononi. Madirisha ya maktaba yalifunguka, moja, jingine. Mwanafunzi mmoja alitoka na kalamu ya rangi mdomoni, akasahau kuitoa.

Walikuja, wakafanya duara. Nao walikuwa ni wajukuu wa watu waliocheza hivi: wa Veracruz, wa Oaxaca, wa Guerrero, wasichana ambao bibi zao walikuwa na visigino. Wakatoa simu. Wakapiga makofi. Wakapaza sauti, "Hongera, bibi!" Walimtazama kwa mapenzi makubwa, na hakuna hata mmoja aliyesogea, kwa sababu tangu utotoni walikuwa wamefundishwa na watu kama mimi, katika sherehe kama zangu, kwamba urithi wao ni kitu cha kutazamwa kutoka kwenye kiti.

Zikapita dakika kumi. Kumi na tano. Doña Obdulia alikuwa akitabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limeganda, na kila alipoukanyagia ule mguu wa bendeji midomo ilimfifia rangi. Don Fidencio hakuweza kuacha kupiga. Angeacha, ingekuwa tena ile alfajiri, na safari hii angekuwa ameukata wimbo yeye mwenyewe kwa mikono yake. Yaretzi naye aliona. Alinitazama juu ya jarana kwa macho ya mtu anayeuliza kama hii nayo imo kwenye ratiba.

Redio yangu ikakoroma. "Bi Zepeda, saa moja kasoro. Nizime taa za nyuma?"

Hapo ndipo Don Fidencio alipogeuka, akanitazama mimi kati ya wote, akaimba. Watu wa kwao hutunga palepale, na sijui kama alikuwa ameutunga ubeti ule saa hiyo au alikuwa akitembea nao mwezi mzima. Kwa lugha yetu hii ulikuwa hivi:

Msomi ana kalamu, na saa ya mkononi,
Ajua kila nidhamu, na funguo mfukoni,
Mbao haina utamu, ukiitazama chini,
Kwa visigino salamu, itoe, wangoja nini?

Duara lote liliangua kicheko. Masikio yaliniwaka. Nina umri wa miaka arobaini na minane, nilikuwa nimevaa viatu vya ofisi, na mara ya mwisho kucheza mbele za watu ilikuwa arusi ya dada yangu, tena kwa kulazimishwa. Nilitoa redio kiunoni nikampa Chue.

"Shika."

"Niwaambie nini?"

"Waambie nimepanda."

Mbao zilikuwa za moto. Niligusa bega la Doña Obdulia, lilikuwa limelowa jasho na likitetemeka kama ubavu wa farasi.

"Samahani, mama. Nimekuja kukupokea."

"Umechelewa, binti," alisema, pumzi juu juu, bila kuacha kupiga. "Mguu wa kulia kwanza. Usinitazame mimi. Sikiliza."

Nikaweka mguu. Sikuupata mdundo, nikaukosa tena, kisha kwa muda mfupi sana, kama mtu anayeshika kamba gizani, nikaupata. Na katika kitambo hicho hicho nilihisi mguu wake unaondoka chini yangu. Alishuka. Aliweka mguu mmoja ardhini, akangoja, akauweka wa pili, kama mtu anayetoka mtoni na hana hakika kama upande huu ni nchi kavu. Kisha akasimama pale akitazama viatu vyake vyeupe. Havikusogea. Alivitazama muda mrefu.

Nami nilicheza, kama neno hilo linafaa. Yaretzi aliniambia baadaye kwamba nilikuwa kama mtu anayezima moto wa nyasi. Sikujali, au niliacha kujali mahali fulani katikati. Mwanga ulikuwa umegeuka kutoka papai kuwa zambarau, nyuso za duara zilikuwa zimeanza kupoteza mipaka, na niliona, kama unavyoona mambo ndotoni bila kushangaa, kwamba mama yangu alikuwa miongoni mwao, kijana, na aproni ya kiwanda cha pichi. Mama yangu alifariki miaka sita iliyopita. Nilipotazama tena alikuwa msichana wa idara ya uuguzi.

Kisha bega langu likaguswa.

"Ruhusa, Bi Zepeda," Yaretzi alisema. Jarana alikuwa amemwachia mwenzake. "Shuka, kabla hujavunja mali ya chuo."

Akaingia, na mguu wake ulikuwa umeanza kabla wangu haujanyamaza. Baada yake alipanda yule msichana wa uuguzi. Baada ya huyo, wawili kwa pamoja, wakicheka, wakigongana mabega. Simu ziliingia mifukoni moja moja, kwa kuwa mtu hawezi kupanda na simu. Taa za nyuma zilibaki zimewaka. Sijui Chue aliwaambia nini redioni; nilipomuuliza alisema aliwajibu kwa Kihmong hadi wakachoka.

Nilimtafuta Don Fidencio kwa macho. Alikuwa akipiga gitaa lake nene, kichwa amekiinamisha vile vile alivyokiinamisha kila alipogonga mbao, lakini hakuwa akiitazama tarima. Alikuwa akitazama ardhi, pale palipokuwa na viatu viwili vyeupe vimetulia.

*

Waliondoka Jumapili. Kadi aliyonitumia kutoka kwao mwezi wa Novemba ilikuwa na mstari mmoja tu, kwa penseli: "Analala."

Mwezi huohuo niliteremka karakana kuuliza ni wapi tuihifadhi tarima, kwa sababu chama cha Yaretzi kilikuwa kimeanza kuitumia kila Alhamisi na mvua zilikuwa zinakaribia. Chue alinionyesha rafu ya chini, nyuma ya misumeno.

"Hapa ndipo zilipokaa zile nyingine," alisema.

"Zipi?"

Aliniangalia kuona kama natania. Hii ilikuwa tarima ya tatu, alisema. Ya kwanza Don Fidencio aliiunda mwaka wake wa tano kazini, baada ya saa za kazi, kwa mbao zake mwenyewe, akaipeleka kwenye ofisi ya wanafunzi kuwa zawadi kwa sherehe za urithi. Aliambiwa chuo kina jukwaa. Ya pili aliiunda miaka kumi na mmoja iliyopita. Zote mbili alizikongoa mwenyewe akazifanya mabenchi, nayo ndiyo yale mawili yaliyoko nyuma ya maktaba. Jibu la ile ya pili Chue alikuwa amelitunza kwenye kopo la misumari, sijui kwa nini, na alinipa nilisome. Lilikuwa na mistari miwili, likimshukuru kwa moyo wake na kumjulisha kuwa jukwaa la chuo linatosha. Sahihi ilikuwa yangu.